CON si lazima iwe Konstantinopoli

Nikiona tangazo la sarafu ya fedha ya Warumi ya karne ya 4, sitazami sura ya mfalme kwanza. Natazama chini kabisa, miguuni pa yule mungu wa kike upande wa pili, penye herufi chache za karakana, yaani mahali sarafu ilipogongwa. TRPS ni mji wa Trier, LVGPS ni Lyon, AQPS ni Aquileia. Ile PS ni kifupi cha pusulatum, fedha iliyosafishwa, nayo ilienea tangu zama za mfalme Valentinian I.

Ingekuwa rahisi hivyo tusingebishana. Mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, uliitwa Constantina kwa heshima ya ukoo wa Konstantino, na karakana yake ikagonga CON. Msomaji mwenye haraka anaona Konstantinopoli, na sarafu inahamia Uturuki bila nauli!

Uingereza ndiko kwenye balaa zaidi. Mwaka 1992, huko Hoxne, watu walitafuta nyundo ya mkulima iliyopotea shambani wakaangukia hazina yenye siliqua, yaani hizi sarafu ndogo za fedha, zaidi ya 14,000. Nyingi zimekatwa kingo. Wakataji walichunga sana wasiguse sura ya mfalme (woga au adabu, sijui), lakini herufi za karakana zilikuwa pembeni, zikaenda na vipande vya fedha.

Hapo ndipo wauzaji wananiudhi. Sarafu haina herufi hata moja, wao wanaandika “Trier” bila kusita. Kisa? Sarafu za Trier ni nyingi katika hazina za Uingereza. Ni sawa na kumkuta mtu Kariakoo ukaapa kuwa ni Mzaramo. Anayenionyesha uchongaji wa nywele au umbo la herufi namsikiliza, ingawa mafundi nao waliweza kuhama wakifuata msafara wa mfalme. Hata London, iliyoitwa Augusta, ilipiga AVGPS chini ya mfalme Magnus Maximus kati ya 383 na 388. Je, ngapi kati ya hizo “Trier” zilizokatwa ni za London?

Waandike “karakana haijulikani” na bei ishuke. Mimi ninayo moja iliyokatwa vibaya, imebaki herufi moja tu. Kwenye bahasha yake nimeandika kwa penseli: P, basi.