Miksa ya Chaneli 16 kwa Mdomo Mmoja

Mwezi uliopita mpwa wangu kanipigia usiku, furaha tele. "Mjomba, shikamoo. Nimenunua mashine!" Marahaba, mashine gani? Picha ikaingia: miksa ya chaneli 16, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, kila sauti na chaneli yake, imelazwa kitandani kwake kule Mbagala maana mezani haikuenea. Taa za bluu, vitufe vya kila rangi. Laki saba taslimu, Kariakoo. Na anayerekodi humo chumbani ni nani? Yeye. Na gitaa moja.

Nisingeandika kama ingekuwa yeye tu. Kila kijana anayetaka studio ya nyumbani namkuta kaanzia hapo hapo, kwa sababu kila picha ya studio aliyowahi kuiona ina mtu kakaa nyuma ya mtambo mkubwa kama rubani. Muuzaji analijua hilo. Anakuonyesha tundu la USB, anakwambia, "Hii inaingia kwenye kompyuta moja kwa moja, bosi." Wala hajadanganya. Hajasema tu kinachoingia ni nini.

Miksa nyingi za bei tunazozimudu, hata ziwe na matundu 16, waya wake wa USB unapeleka njia 2 tu, kushoto na kulia, sauti zikiwa zimeshachanganywa. Hata Yamaha MG16XU, ambayo si mashine ya mchezo, ndivyo ilivyo. Mpwa wangu alilijua hili kwa machungu. Kaita wenzake watatu wa kwaya, kila mmoja na maiki yake, yeye na gitaa. Wakaimba mpaka jirani akaja kuchungulia. Wenzake wakaondoka, usiku kafungua FL Studio, programu yake ya kurekodia kwenye kompyuta, apunguze gitaa lililomfunika mwimbaji wa sauti ya pili, na hakulikuta gitaa. Kakuta msitari mmoja, wote wamo humo humo.

"Mjomba, gitaa limeenda wapi?"

Limo, baba. Kama iliki kwenye andazi lililokwisha kukaangwa. Haya, ichomoe.

Sasa chukua kile kiboksi anachokidharau kwa sababu kinaenea kiganjani: saundi kadi ya matundu mawili, ya kuingizia maiki au gitaa kwenye kompyuta, kama Focusrite Scarlett 2i2, au mfuko ukiwa mwepesi Behringer UMC22. Kila tundu linaingia kwenye msitari wake. Leo unaweka sauti, kesho kiitikio, keshokutwa gitaa, na ukikosea beti unarudia beti hilo tu. Kuchanganya kunafanyika ndani ya kompyuta, ambako kila kitufe unaweza kukirudisha kilipokuwa. Hizo chaneli 16 alizobeba kwenye daladala toka Kariakoo alikuwa nazo tayari ndani ya programu, na zaidi!

Halafu umeme. Viboksi hivyo viwili vinakula umeme wa USB, kwa hiyo ukikatika unaendelea na betri ya laptopu, mradi isiwe ile iliyokufa betri tangu enzi. Miksa ya kuchomeka ukutani inazima nawe katikati ya kiitikio.

Haya, nakubali, kwa shingo upande. Kikundi kinachopiga kwa mkupuo mmoja, tuseme taarab yenye udi, kanuni, fidla na waitikiaji, ukikiletea matundu mawili watakucheka. Na zipo miksa zinazofikisha kila chaneli peke yake, Soundcraft Signature 12 MTK ni mojawapo. Uliza dukani hivi: kila chaneli inafika kwenye kompyuta peke yake, au zote kwa pamoja? Muuzaji akikujibu kwa habari za taa, toka. Nakubali pia kwamba mwimbaji akisikia eko masikioni palepale anaimba kwa raha, na saundi kadi nyingi za bei rahisi zinampa sauti kavu. Avumilie.

Wanaokutambia kHz 192, yaani sauti kupimwa mara 192,000 kwa sekunde, waache. CD ni 44.1 na watu walilia na nyimbo zake miaka nenda rudi.

Lakini linaloniuma zaidi ni chumba. Laki saba imekwenda kwenye mtambo, juu ni bati tupu, chini sakafu tupu, ukipiga kofi linakurudia. Tena kanunua maiki ya kondensa, ile inayotaka volti 48, masikio yake kama ya mama mwenye nyumba: jogoo, bodaboda, adhana, vyote vimo. Nilimwambia asogee mbele ya kabati la nguo, alifungue, asimamishe godoro nyuma yake, na aazime Shure SM58 ya kanisani, maiki isiyodaka sana sauti za mbali. Kaniangalia kama nimemtukana. Tulivyorekodi hivyo, kwa saundi kadi yangu kuukuu, kakaa kimya. Kairudia kuisikiliza mara tatu.

Jumamosi tunaipeleka miksa kwa jamaa wa kukodisha muziki wa sherehe, yeye ndiye mwenye kazi nayo. Kasema anatoa laki nne na nusu. Mpwa wangu anataka kwanza apige nayo picha ya mwisho, taa zikiwa zimewashwa.