Pesa ya mtalii inalala wapi?

Kila mpango wa kukuza utalii wa ikolojia unapotangazwa, kinachotajwa kwanza ni idadi ya wageni: mwaka huu wamekuja wangapi, mwaka kesho watakuja wangapi. Naona tunaanzia pasipo penyewe. Swali lenye uzito ni jingine: pesa aliyoitoa mgeni asubuhi, jioni imelala wapi? Imelala katika wilaya aliyoitembelea, au imekwisha kuondoka kuelekea mji mkuu na ng'ambo kabla matope hayajakauka kwenye viatu vyake?

Neno lenyewe, utalii wa ikolojia, si la zamani sana. Anayetajwa kulianzisha ni mbunifu majengo wa Mexico, Héctor Ceballos-Lascuráin, mwaka 1983. Mwaka 1990 ikaundwa jumuiya ya kimataifa ya utalii wa ikolojia, TIES, na maelezo yake ya mwanzo ya utalii huu yalikuwa na mizani miwili: mgeni atembelee maeneo ya asili kwa namna inayoyahifadhi, na hali ya wenyeji iwe bora kuliko ilivyokuwa. Mzani wa pili ndio unaosahaulika. Hoteli ikifunga umeme wa jua na kuacha chupa za plastiki hujiita ya ikolojia, hata kama kazi pekee anayopata mwenyeji ni kufyeka nyasi.

Wanaoamini kwamba hifadhi na uchumi wa eneo vinaweza kubebana wana ushahidi mzito, na ule wa Rwanda ni vigumu kuupuuza. Mwaka 1969 Hifadhi ya Volkano ilimegwa sehemu kubwa ili watu walime pareto. Kwa hesabu za wakati ule uamuzi huo ulieleweka: pareto iliuzwa nje, msitu haukuuza kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, gorila wa milimani katika safu nzima ya Virunga, inayogusa Rwanda, Uganda na Kongo, walikuwa takriban 250. Sasa ni zaidi ya 600, na ukijumlisha wale wa msitu wa Bwindi, Uganda, wamevuka 1,000. Novemba 2018 shirika la uhifadhi la IUCN liliwatoa katika daraja la viumbe walio hatarini mno kutoweka na kuwaweka katika daraja lenye nafuu kidogo. Kibali cha kukaa na gorila kwa saa moja, katika kundi la wageni wasiozidi wanane, kilipandishwa mwaka 2017 kutoka dola 750 hadi 1,500. Mwaka huohuo mgao wa jamii zinazopakana na hifadhi za nchi hiyo ulipanda kutoka asilimia 5, iliyoanza 2005, hadi asilimia 10 ya mapato ya utalii.

Ifuate pesa ya mgeni huyo kwa siku moja tu. Alfajiri wafuatiliaji wanatangulia msituni kutafuta viota walimolala gorila, kisha wanatoa taarifa kwa redio. Mgeni akifika ukingoni mwa msitu anakuta wapagazi wanangoja zamu, na miongoni mwao wamo waliowahi kutega mitego mle mle ndani. Mpagazi anajitwika mkoba, anampa mgeni mkono penye utelezi, wakirudi analipwa. Pesa ile haikupita kwenye kamati wala ofisi yoyote. Usiku inalala kijijini.

Sasa ingia jikoni, katika hoteli yoyote iliyo pembezoni mwa hifadhi, popote duniani. Uliza mayai yametoka wapi. Mara nyingi yameletwa na gari kutoka mji mkubwa, na mpishi hana chuki na wafugaji wa jirani: anataka mayai mia tatu yanayolingana kila Jumatatu, masika na kiangazi, na hakuna mfugaji mwenye kuku thelathini anayeweza kuahidi hivyo akiwa peke yake. Ushirika ungeweza. Lakini ushirika unahitaji mkopo wa mabanda, mtaalamu wa mifugo, umeme wa kuaminika na barabara inayopitika mvua ikinyesha. Vitu hivyo vinne si vya utalii. Ni vya maendeleo ya eneo, na vinapangwa na watu ambao aghalabu hawakai meza moja na watu wa hifadhi. Mfugaji akishaweza kumtosheleza mpishi mgumu wa hoteli, anaweza kuiuzia shule ya bweni na hospitali ya wilaya pia, na hoteli ikifungwa kesho bado ana wanunuzi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba utalii uwe mteja wa kwanza wa uchumi mpana, usiwe uchumi wenyewe.

Monteverde, katika milima ya Costa Rica, ilifika huko kwa njia isiyopangwa. Familia za Waquaker, dhehebu la Kikristo, kutoka Marekani zilihamia pale mwaka 1951, zikafuga ng'ombe, zikajenga kiwanda cha jibini, na sehemu ya msitu wakaiacha ili kulinda vyanzo vya maji yao. Hifadhi ya msitu wa mawingu ikaanzishwa 1972, na wimbi la watalii likaja baadaye, likakuta watu wenye kazi na maziwa yenye soko. Kwa miaka mingi barabara ya kupandia huko ilibaki ya vumbi na mashimo, na walikuwapo wenyeji walioona heri ibaki hivyo, maana ugumu wake uliwafanya wageni walale badala ya kupita tu. Costa Rica kwa jumla inasifiwa kwa kurudisha misitu kutoka kama robo ya nchi miaka ya 1980 hadi zaidi ya nusu, na utalii hupewa sifa zote. Sifa hizo zigawanywe. Sheria ya misitu ya 1996 ilipiga marufuku kugeuza msitu kuwa shamba au malisho, na kodi ya mafuta ikaanza kuwalipa wenye ardhi wanaotunza miti. Bila mkono huo wa serikali, loji zingekuwa visiwa vya kijani katikati ya malisho.

Wanaopinga nao wasinyamazishwe. Hoja yao ya kwanza ilijithibitisha mwaka 2020, safari za kimataifa zilipoporomoka kwa zaidi ya asilimia 70. Mahali palipojengwa juu ya mgeni peke yake, mshahara ulikatika ndani ya wiki chache. Juni mwaka huo, hifadhi zikiwa hazina watalii, huko Bwindi aliuawa Rafiki, dume kiongozi wa kundi maarufu la gorila; jangili aliyekiri kumuua akafungwa miaka 11. Hoja ya pili ni hewa ya ukaa: utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la Nature Climate Change ulikadiria kuwa utalii unachangia asilimia 8 hivi ya gesi zinazopasha dunia joto, na mgeni wa ikolojia kwa kawaida huja kwa ndege.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma. Bwindi na Mgahinga, huko Uganda, zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, Wabatwa, jamii ya wawindaji wa msituni, waliondolewa katika msitu walioishi humo vizazi na vizazi, wakaachwa bila ardhi. Leo wageni wanalipa kuwatazama wakionyesha jinsi walivyowinda na kuwasha moto. Ukihesabu ajira, onyesho hilo ni kipato. Mimi siwezi kuliita maendeleo, kwa sababu aliyepoteza nyumba anarudishiwa kidogo kwa kuigiza maisha ya nyumba hiyo.

Na ipo dhuluma ndogo zaidi isiyopigwa picha. Nyati akitoka msituni usiku anaharibu shamba la viazi la mtu mmoja. Mgao wa mapato unajenga darasa la kijiji kizima. Darasa ni jema, lakini mwenye viazi amebeba gharama peke yake na kugawana faida na wote. Rwanda ina mfuko maalumu wa kufidia hasara za wanyamapori, na nadhani kila eneo linalotaka kuishi na wanyama linapaswa kuanza na mfuko wa namna hiyo kabla ya kuchapisha kipeperushi cha kwanza.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasimama na utalii wa ikolojia, kwa sharti la umiliki. Mgao wa asilimia, hata ukiwa mkubwa, unatolewa na mwingine, naye anaweza kuupunguza. Namibia ilichukua njia tofauti: sheria ya 1996 iliwapa watu wa maeneo ya kijumuiya haki ya kusimamia wanyamapori na kunufaika nao, mradi waunde hifadhi ya jamii yenye mipaka, wanachama na katiba. Nne za kwanza zilisajiliwa 1998. Sasa zipo 86, zikichukua takriban moja ya tano ya nchi. Mwekezaji anayetaka kujenga loji humo anakuja kujadiliana na wenyewe. Hapajakuwa peponi. Ukame umepiga, simba na tembo wanaua na kuharibu, na hifadhi nyingi bado zinategemea uwindaji wa kulipia, ambao wageni wapenda picha hawaupendi. Hata hivyo, anayelalamika anajua mlango wa kugonga, kwa kuwa viongozi wa hifadhi amewachagua yeye.

Mkataba wa loji ukiletwa mbele ya kijiji, ningetaka wanakijiji waufungue moja kwa moja kwenye kurasa tatu. Wa kwanza unaosema sehemu gani ya chakula itanunuliwa ndani ya wilaya, na bei italipwa baada ya siku ngapi, maana mkulima mdogo hawezi kungoja miezi mitatu. Wa pili unaosema mwenyeji gani atakuwa naibu meneja, na lini atakuwa meneja. Wa tatu unaosema mkataba ukiisha, jengo, kisima na barabara vinabaki mikononi mwa nani. Ukurasa mmojawapo ukikosekana, wasitie saini siku hiyo.