Mkataba umesainiwa, je, unaanza lini?

Tuchukulie mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anakubaliana na mwenye kiwanda cha chakula cha kuku Dar es Salaam kumuuzia mzigo kwa miezi 12. Juu ya karatasi imeandikwa "leo tarehe 1 Machi". Muuzaji anasaini tarehe 5 na kuituma kwa basi. Mnunuzi anasaini tarehe 19. Mzigo wa kwanza unatakiwa ndani ya siku 14 tangu mkataba kuanza. Muuzaji kachelewa, au bado ana muda?

Kwa wanaoshika tarehe ya juu, kachelewa. Hoja yao ina uzito: wote wawili waliisoma, hakuna aliyeikata. Tena pande mbili zinaweza kukubaliana kwamba haki na wajibu wao vihesabiwe kuanzia siku iliyokwisha kupita.

Lakini basi waseme hivyo waziwazi. Tarehe ya juu mara nyingi ni siku ambayo karatasi ilichapwa tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyetoa pendekezo (hapa, muuzaji aliyesaini kwanza) kuliondoa kabla mwenzake hajakamilisha kulikubali. Kama hadi tarehe 18 muuzaji angeweza kujitoa, tutamdaije mzigo wa tarehe 15? Mimi nasimama na saini ya mwisho.

Na kwa dagaa siku hizo 18 si kitu kidogo. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Tarehe ikisogezwa nyuma, muuzaji anaweza kupoteza giza zima, yaani kipindi kizima cha usiku usio na mbalamwezi.

Kuna hali moja inayonilegeza: mnunuzi akituma malipo ya awali tarehe 8 na kupokea magunia kwa masharti yaleyale, vitendo vyake vyenyewe vinaweza kuwa ndiyo kukubali, hata kabla ya saini.

Kuandika tarehe ya uongo pembeni ya saini ni jambo jingine kabisa, na silitetei. Kwa hati zinazotozwa ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali juu ya hati, ushuru huo hulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini, kwa hiyo tarehe hiyo inaihusu serikali pia. Kila mmoja aandike siku aliyosaini kweli. Siku ya kuanza iwe na kifungu chake, na kama inategemea malipo ya awali kuingia benki, kifungu hichohicho kiseme.