Bodi ya Mgeni na Kanga ya Mama Zuu

Kidonda chenyewe cha ile bodi kilikuwa kidogo kama sarafu ya shilingi ishirini. Naanza hapo makusudi, ili mjue yote yaliyofuata ni kazi ya mikono yangu hii miwili.

Kuna mgeni mmoja, Mjerumani, huja huku kwetu Diani kila mwaka wakati wa kusi, mawimbi yakiwa yanavunjika vizuri kule nje mwambani. Akirudi kwao ananiachia bodi yake ya kupandia mawimbi niitunze. Niitunze, si niipandishe bodaboda. Lakini bwana, siku hiyo nilitaka vijana wa Ukunda wanione nayo, nikaketi nyuma nimeilaza mapajani imekaa msalaba, mkia unachungulia kulia, pua kushoto, dereva naye kaona nafasi katikati ya matatu na nguzo ya stima akapima upana wake yeye na pikipiki yake, upana wa bodi akausahau. Ko! Kushuka kuangalia, pembeni karibu na mkia pamebonyea kidogo, na nyufa nyembamba zimetambaa kama utando wa buibui.

Mgeni anakuja baada ya wiki mbili.

Sasa mimi niliwahi kumshikia fundi wa maboti brashi siku mbili nzima, kwa hiyo kwa hesabu zangu mimi ni fundi. Nikaenda hadwea nikachukua rezini ya poliesta, ile gundi ya maji maji, nusu lita, kachupa ka hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kipande cha mati ya faiba, ile ya nyuzi za kioo, na msasa. Muuzaji akaniuliza ni ya boti? Nikamwambia ndiyo. Kama ningesema ukweli pale huenda hadithi ingeishia hapo kaunta.

Nikapiga msasa nikiwa na singlendi. Vumbi la faiba, kama hulijui, ni vioo vidogo vidogo vya kuingia kwenye ngozi, usiku ule nilijikuna mpaka nikaenda kujisugua kwa mlango, nikaoga maji ya moto ndiyo kwanza likazidi. Mama Zuu akaamka akaniangalia. "Baba Zuu, hiyo ni tetekuwanga ama ni tabia?"

Asubuhi nikachanganya dawa. Hadina ya poliesta ni kitu cha matone, asilimia moja hivi mpaka mbili ya rezini, na jua likiwa kali unapunguza. Hii naijua leo. Siku ile niliweka kifuniko kizima, halafu nikaona isije ikakataa kukauka, nikaongeza kingine. Nikamimina kwenye kile kidonda. Ikaingia. Ikaingia yote, ikapotea kama chai kwenye mkate. Nikasema kumbe hii bodi ilikuwa na kiu namna hii, nikaiongezea. Ikanywa. Nikainama kuangalia nikasikia sauti ndani, chiiii, kama mtu anakaanga kitunguu mbali, na nilipogusa ukingo wa ufa kidole kikazama. Nikachungulia ndani: pango! Ngumi yangu ingeingia na saa mkononi.

Nikiwa bado nashangaa pango, nikasikia harufu. Kikombe cha Zuu cha plastiki (naam, nilichanganyia kwenye kikombe cha mtoto, tusigombane sasa hivi) kilikuwa kinatoa moshi kwa ile hadina iliyozidi na kimeanza kuinama upande mmoja kama mlevi. Nikakipiga teke mchangani, kuku wakatawanyika, jogoo hatukumuona mpaka magharibi.

Nikaifunga bodi kwa shuka kama mgonjwa nikampelekea mzee mmoja fundi wa maboti kule Gazi. Akatia kidole ndani ya lile shimo, akatoa punje nyeupe, akaiweka kiganjani mwangu.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Ni povu, mzee."

"Povu gani?"

Nikaiangalia vizuri. Ilikuwa ile ile ya boksi la TV.

"Ushawahi kumwagia petroli povu la TV ukaona linavyofanya?" Nikanyamaza. Akasema kuna bodi za povu la unga laini, hizo ukizipa poliesta hazina neno, na kuna hizi za punje punje, hizi zinataka epoksi tu, rezini ya aina nyingine. Poliesta ina kemikali iitwayo staireni, na povu la punje limetengenezwa kwa staireni hiyo hiyo, wakikutana ni ndugu waliopoteana, wanakumbatiana mpaka nyumba inaanguka. Akacheka peke yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Akanipa epoksi na masharti. Nikate povu lote lililoungua, nichonge kipande kipya kutoka boksi la kubebea samaki, nikibandike, juu yake kitambaa chembamba cha faiba matabaka mawili. Epoksi nipime kwa mizani sawasawa, nisiongeze hadina kwa kiherehere, maana hii hata ukiizidishia haikauki haraka, inabaki ulojo. Halafu niiache usiku kucha, nisiiguse.

Walahi nilifuata kila neno. Kazi ikatoka safi, kitambaa kimelala, kiputo hakuna hata kimoja. Nikaiacha uani juu ya viti viwili, nikaenda kuswali alasiri.

Sikuuliza kama ni siku ya kufua.

Kusi ilivuma vile inavyovuma. Narudi nakuta kanga ya Mama Zuu imetoka kwenye kamba imekuja kujilaza juu ya epoksi mbichi, imelala kwa raha imenyonya mpaka imeiva. Nikaivuta ukingo, faiba ikataka kuja nayo. Nikampigia mzee. Akanyamaza, kisha nikasikia amewasha spika watu wasikie. "Iache. Kata ncha zinazoning'inia, pitisha epoksi nyingine juu. Si ni kitambaa tu hicho."

Ilipokauka, ile sehemu nyeupe ya kanga ikawa kama kioo, huioni kabisa, yamebaki maua na maandishi. Jina la ile kanga lilikuwa HASIDI HANA SABABU. Wembe wangu ulipita mahali pabaya. Pale mkiani, juu ya kiraka changu, pakasomeka herufi kubwa nyeusi: HANA SABABU.

Mgeni alipokuja nikamkabidhi nikiangalia miguu yangu. Akaipapasa, akaigeuza juani, akapiga picha kama kumi. Akadhani ni mapambo nimemfanyia. Akauliza ni nani huyo hana sababu.

"Ni huyu," Mama Zuu akasema kutoka jikoni.

Kesho yake mgeni akarudi na rafiki yake ana bodi yake kwapani, anataka na yeye awekewe maandishi, atalipa. Nikamgeukia Mama Zuu, maana doti ni kanga mbili na ile ya pili bado ilikuwa kabatini. Alikuwa ameshajifunga nayo, mafundo mawili.