Nyuma ya stelingi kuna Mlima Meru

Mwaka jana, jioni moja ya mvua, nilimwekea Bibi filamu ya Hatari! kwenye kompyuta yangu, nyumbani kwake Engare Nanyuki, mkoani Arusha. Ni filamu ya 1962 ya Howard Hawks. Stelingi ni John Wayne, na ilipigwa hapa hapa Tanganyika muda mfupi kabla ya uhuru. Kambi ya wahusika wake, ya kukamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za Ulaya na Marekani iko Momella, jirani kabisa na pale tulipokuwa tumekaa. Nilidhani Bibi angefurahia kuona vifaru na twiga wakikimbizana na magari. Wala hakuwatazama. Alisogeza uso karibu na kioo, akaweka kidole juu ya bega la stelingi, akasema, "Simamisha hapo. Huo si mlima wetu?"

Nikasimamisha. Akautazama weee.

"Sasa watu wako wapi?"

Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru karibu 3,000 Engare Nanyuki kwa nguvu, ardhi yao wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Bibi alikuwa mtoto mdogo, na anachokumbuka zaidi ni kuku waliobaki wakizunguka majivu bila mwenyewe. Miaka kumi haijapita, kamera zikafika upande huu huu wa mlima na kuonyesha nyika pana, tupu, kana kwamba Mungu aliiumba ili magari ya wawindaji yapate pa kukimbilia. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu. Jina lake ni neno letu la Kiswahili. Lakini wenye lugha wamo humo kama wabeba mizigo na wasaidizi tu.

Nimesoma nadharia za filamu kwa miaka kadhaa, na swali la Bibi ndilo lililonionyesha ni za kazi gani. Kuna mwanafalsafa wa Australia, Val Plumwood, ambaye mwaka 1985 alivamiwa na mamba akiwa peke yake kwenye mtumbwi, katika hifadhi ya Kakadu. Mamba alimzamisha mara tatu, na akaponea chupuchupu. Baadaye aliandika kwamba pale majini ndipo alipoelewa kuwa naye ni nyama, mawindo ya kiumbe mwingine. Katika kitabu chake cha 1993 anaeleza jinsi fikra za kitawala zinavyowaweka nyuma wanawake, maumbile na watu waliotawaliwa: zinawategemea kwa kila kitu, kisha zinajifanya hawapo. Nilikuwa nimelisoma hilo nikaliona la vitabuni. Kidole cha Bibi juu ya bega la John Wayne kiliniambia jambo lile lile kwa sekunde tano.

Tukaendelea kutazama. Katika hadithi yupo Dallas, anayeigizwa na Elsa Martinelli. Ni mpigapicha, kwa hiyo kutazama ndiyo kazi iliyomleta. Lakini kadiri dakika zinavyopita, anatazamwa yeye kuliko anavyotazama. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu wa Uingereza, aliliandika hili mwaka 1975: sinema ya Hollywood ilizoea kumpa mwanamume kazi ya kutazama na kutenda, na mwanamke kazi ya kutazamwa. Kisha inakuja sehemu ya mwisho ambayo hadi leo inanikera. Dallas ameamua kuondoka zake. Wanaume wa kambi wanawatumia ndama wa tembo aliowalea yeye mwenyewe wamfuate kwa harufu, mpaka mitaani Arusha, naye anakimbia. Msako wa mnyama umegeuzwa kuwa msako wa mwanamke. Anakamatwa, na baada ya hapo ni ndoa. Filamu inataka tucheke. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, hakucheka. Aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyemuuliza yule dada alikuwa anataka kwenda wapi.

Ndiyo maana siwezi tena kuusoma ufeministi, yaani fikra za kutetea haki za wanawake, peke yake, na ekolojia, yaani elimu ya viumbe na mazingira yao, peke yake. Jicho lililoufanya mlima kuwa pambo la ukutani ndilo lililomfanya Dallas kuwa windo. Mfaransa Françoise d'Eaubonne alishayaunganisha mambo haya mawili tangu 1974, na Wangari Maathai akayaunganisha kwa jembe mwaka 1977, alipoanza kuotesha miti na wanawake wa vijijini Kenya. Wapo rafiki zangu hapa Arusha wanaosema nadharia hizi ni za Wazungu, tuachane nazo. Mimi nasema bell hooks, mwanamke mweusi wa Marekani, alitukumbusha mwaka 1992 kwamba watumwa waliadhibiwa kwa kosa la kutazama tu. Haki ya kutazama na kukataa unachoonyeshwa ililipiwa na watu weusi. Ni yetu.

Na wala sisemi haya kwa sababu ya filamu moja ya zamani. Filamu nyingi za wanyama ninazoziona leo, zilizopigwa Serengeti na Ngorongoro, bado zina simba mwenye jina na hazina mchungaji hata mmoja.

Lakini kuna kazi zinazonipa moyo. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, inamweka mbele Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mzee akaikimbia ndoa, na anayempokea ni Mwajuma. Mapambano ya kumtoa mkoloni Zanzibar yapo, lakini yanapita pia katika chumba cha wanawake wawili wanaohifadhiana. Hapa kukimbia kwa mwanamke hakugeuzwi mchezo.

Wiki iliyofuata niliwawekea Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya 2009. Ni dunia iliyokwisha kupigana vita vya maji, watu wanaishi ndani, hata jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe. Asha anapata udongo wenye uhai, anatoroka na mche, anautembeza jangwani, anaupa maji yake ya mwisho na kuukinga kwa mwili wake. Mimi huipenda filamu hii, na bado huwa nabishana nayo: kwa nini mti uote kwa gharama ya mwanamke mmoja? Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza hivyo.

Bibi alinitangulia. Miaka yote alikuwa akiteka maji kwenye mfereji ambao mikutano yake waliikalia wanaume. "Mbona hakuna hata mmoja wa kumpokea?" aliuliza. Kwetu ukikutana na mtu mwenye ndoo kichwani, unampokea. Ndiyo tafsiri ya utu niliyolelewa nayo, na inamsumbua shujaa anayetembea peke yake kuliko hoja yoyote niliyokuwa nayo mfukoni.

Tukaanza kumtafuta, sisi watatu: nani mle ndani angeweza kutoka naye? Mpwa wangu ndiye aliyemkumbuka. Yule mama msafishaji wa chooni, ambaye Asha alimgawia maji, na ambaye baadaye alimsaidia kutoroka. Anaonekana kidogo tu. Bibi akataka kumwona tena, nikarudisha nyuma.