Nilikwenda Kutafuta Ndugu, Nikapewa Deni

Jina la ukoo wetu linaanza na Mwa-, kama ya Wanyakyusa wengi. Lenyewe silitaji. Wenye jina hilo wametapakaa kuanzia Tukuyu hadi Temeke, na nikilitaja hapa kuna watakaonipigia simu kudai ng'ombe. Someni tu, mtanielewa.

Chanzo cha yote ni bamkubwa. Alipostaafu ualimu alikosa madaftari ya kusahihisha, akaamua kusahihisha ukoo. Alinunua manila, akaziunganisha kwa gundi mpaka zikafunika meza yote ya sebuleni, akachora mti. Walio hai aliwaandika kwa kalamu ya kijani, marehemu kwa nyekundu, na wasiojulikana waliko kwa penseli, ili siku wakipatikana wapewe rangi yao. Mama mkubwa hakuruhusiwa kuweka hata kikombe pale mezani. Tulikuwa tunakula sahani zikiwa mapajani.

Na mzee hakubahatisha. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na walikuwa watu wa kuandika kila kitu, kwa hiyo bamkubwa alipekua vitabu vya ubatizo huku akipiga chafya kwa vumbi. Halafu akawazungukia wazee wa vijijini, kila mzee na soda yake, akiuliza nani kamzaa nani na kwa mke wa ngapi. Hilo la mke wa ngapi alilishikilia sana. Mababu walikuwa na wake wengi, na yeye alisema mti usiotaja mama ni hesabu isiyoonyesha njia. Kila mtoto akawekewa alama: N1, nyumba ya kwanza, N2, nyumba ya pili. Ikumbukeni hiyo N2.

Mti ukakamilika, ukabaki na tundu moja. Babu yake bamkubwa alikuwa na mdogo wake aliyeondoka Tukuyu miaka ya 1930. Kwanza alikwenda Chunya, kwenye dhahabu ya Lupa, kisha akaandikishwa Wenela, yaani wale waliokuwa wakichukua vijana kwenda migodi ya Johannesburg. Vijana wengi wa Rungwe walipita njia hiyo, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoipiga marufuku. Wengine walirudi na baiskeli na makoti. Huyu wetu hakurudi. Bamkubwa alimwandika kwa penseli, akamwekea alama ya kuuliza kubwa kama ndoano, na pembeni akaandika: "Alihamia nje ya nchi."

Sasa kwenye harusi moja Mbeya, MC akasoma jina la mchangiaji wa kutoka Kyela, kule bondeni kwenye mto Songwe. Jina letu hilohilo. Bamkubwa akaacha pilau. Alimkuta yule bwana kwenye foleni ya kunawa mikono.

"Babu yenu alitokea wapi?"

"Tukuyu, mzee wangu. Aligombana na kaka yake."

"Waligombania nini?"

Yule bwana akacheka sana. "Hilo wanalijua wazee," akasema, akaendelea kucheka mpaka kwenye gari. Bamkubwa aliamini ile ni furaha ya kukutana na ndugu.

Kwa kuwa magoti yake hayapandi tena kwenye Kosta, nikateuliwa mimi. Nilikuwa likizo, na kwa maoni yake hata nisipokuwa likizo sina kazi, maana kazi ya kompyuta anaihesabu kama kucheza bao. Alinivisha koti lake la sufu ili nisionekane mhuni mbele ya ndugu. Mti akaukunja, akauchomeka ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, akaziba huku na huku kwa gazeti.

Anayeifahamu barabara ile anajua kilichonipata. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ukungu na mvua, na mlima Rungwe umekaa nyuma yako. Kutoka hapo unateremka, unaacha chai, unaacha baridi, mpaka unaingia Kyela kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu, ambako hata mbuzi wanatafuta kivuli. Koti la sufu halina habari na mteremko. Na sikuweza kulivua, kwa sababu ndani yake bamkubwa alikuwa ameshonea bahasha ya nauli ya kurudia.

"Fundi, bomba lako lipande juu," konda akasema.

"Siyo bomba, ni ukoo wetu."

Akanitazama lile koti, akaliacha bomba nilipo.

Mjini Kyela nikachukua pikipiki, nikamtajia kijana jina la mji ninaokwenda. Akaliangalia bomba. "Afadhali mmekuja," akasema. "Wamelalamika muda mrefu." Sikumwelewa. Tulipita mashamba ya mpunga na mikakao, na kila penye watu alipaza sauti kwa Kinyakyusa kitu ambacho mimi, mtoto wa Dar, nilidaka neno moja tu: maji. Tulipofika nikakuta watoto wamepanga ndoo uani. Mama mmoja akaniuliza bomba litapita upande gani wa nyumba, maana kwenye migomba hataki.

Nikaeleza kwamba sikutumwa na watu wa maji. Nikajitambulisha kwa jina langu la ukoo, nikataja Tukuyu. Ndoo zikaondolewa kwa huzuni, na mtoto mmoja akatumwa mbio: "Kamwite bibi. Mwambie wamekuja."

Siyo "mgeni amekuja". Wamekuja.

Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo. Ukaja wali wa Kyela wenye harufu yake, akaja samaki mbasa wa mchuzi, kikaja chungu cha kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, na mirija yake, tukainamiana na wazee kukinyonya. Mkubwa wa mji, mtoto wa yule babu mdogo, akanisimulia habari ambayo bamkubwa ameitafuta miaka yote. Baba yao alirudi kutoka Johannesburg, ila hakupanda Tukuyu. Alijenga ukingoni mwa Songwe, ng'ambo, upande wa Unyasa, yaani Malawi ya leo. Mpaka ule Wajerumani na Waingereza walikubaliana mwaka 1890 ufuate mto, na Songwe huku bondeni hautulii. Masika ikija na mafuriko unajikatia njia nyingine. Mwaka mmoja ukahama. Familia ikaamka iko Tanganyika, na nyumba, na kuku, na deni la kodi kote kuwili.

"Sisi hatujahama," mzee akasema. "Aliyehama ni mto. Hapo penye 'alihamia nje ya nchi' pafutwe."

Nilikuwa nimetandika mti juu ya mkeka. Nikapafuta kwa mate, nikaandika jina la babu mdogo kwa kalamu nyekundu. Pakapigwa vigelegele. Nikajiona mtu mkubwa, hata joto la lile koti nikalisahau.

Ndipo bibi akafika. Ni binti wa kwanza wa yule babu mdogo, kwa hiyo kwa bamkubwa ni shangazi, ingawa nadhani wamepishana miaka michache tu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mume wangu, watu wakacheka, mimi nikacheka, akakaa mkekani. Yeye hakucheka.

"Nionyeshe babu wa baba yako."

Nikamwonyesha.

"Wake zake?"

Nikamwonyesha mke wa kwanza na wa pili. Ukucha wake ulikuwa na utelezi mkavu wa kakao, ukaacha mstari wa kahawia kwenye manila, ukiteremka tawi kwa tawi. Ukafika kwenye N1, ukapita. Ukafika kwenye N2, ukasimama.

"Hawa ndio nani?"

"Hao ndio sisi, bibi!" nikasema, tena kwa kujidai.

"Mna uhakika?"

"Asilimia mia. Bamkubwa amehakikisha kanisani."

Bibi akawageukia wenzake. "Mmesikia. Mimi sijasema kitu."

Maelezo yakaja polepole, huku kimpumu kikiendelea. Baba wa wale ndugu wawili alipokufa aliacha ng'ombe. Kaka alikuwa ameshaoa. Ng'ombe aliyebaki alikuwa wa kumwozea mdogo mtu. Huo ndio utaratibu, na kila aliyekuwa pale aliujua isipokuwa mimi. Mdogo akashinda Chunya akichimba ili aongezee mahari, na huku nyuma kaka akamchukua yule ng'ombe akaolea mke wa pili. Mdogo aliporudi alikuta zizi tupu na shemeji mpya. Ndiyo akajiandikisha Wenela, na ndiyo akaapa hatapanda tena mlima ule.

"Kwa hiyo, mume wangu," bibi akasema, "ninyi nyote wa N2, na huyo mwalimu wenu, mmezaliwa na ng'ombe wetu."

Nikacheka, maana bibi na mjukuu hutaniana. Nikawatazama wengine nione kama nao wanacheka. Kijana mmoja alikuwa ameshafungua kikokotozi kwenye simu.

"Tuseme anazaa kila mwaka," akasema.

"Kila mwaka haiwezekani," mzee akapinga. "Tusimwonee. Weka mwaka na nusu."

"Na majike nayo yanazaa?"

"Yakose kuzaa yana nini?"

Kijana akabonyeza, akazidisha, akanyamaza. "Bibi, simu imekataa namba. Imeandika herufi E."

"Basi andika hiyohiyo E," bibi akasema.

Hapo ndipo ukoo uliponitoka rohoni. Nikaanza kueleza kwamba haya majina yetu yana mtego. Mtu akiitwa jina fulani, uzao wake unachukua Mwa- na jina lake, na watu wawili wasiojuana, mmoja milimani mmoja bondeni, wanaweza kuwa na jina moja na kuanzisha koo mbili zisizohusiana kabisa. Jina moja siyo damu moja! Kule Karonga, Malawi, nikasema, wako ndugu zetu Wangonde wenye majina haya ya Mwa-, na hatuwadai wala hawatudai. Nilizungumza kwa ufasaha ambao sijawahi kuwa nao katika usaili wowote wa kazi. Jasho likanitoka mpaka bahasha ya nauli ikalowa.

Bibi akasikiliza hadi mwisho. "Mpigie huyo baba yako mkubwa," akasema. "Weka sauti kubwa, wote tusikie."

Bamkubwa alipokea kabla simu haijalia vizuri. "Umewapata? Ni wenyewe?"

"Bamkubwa, kuna jambo hapa, inawezekana siyo..."

"Waulize kama mzee wao alikuwa amekatika kidole kidogo cha mguu! Wa kushoto! Alijikata na shoka akiwa mtoto!"

Ua mzima ukaitikia ndiyo. Nikawa napunga mikono mbele ya simu, kitu kisichosaidia.

"Mungu mkubwa!" bamkubwa akalia. Alikuwa analia kweli, mwalimu mzima. "Na waulize kama aliwahi kuwaambia habari ya ng'ombe! Babu aliniungamia karibu na kufa kwake. Alikuwa mweusi, ana baka jeupe usoni. Alisema hilo ndilo jambo lililokuwa linamnyima usingizi!"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilifika barabarani. Wapita njia waliingia kuuliza nani kajifungua. Bibi akanyang'anya simu.

"Mwanangu," akamwambia bamkubwa, "mimi ni shangazi yako. Baka lilikuwa usoni, umesema kweli. Sasa mnamleta lini?"

Kimya kikapita. Kisha sauti ya bamkubwa ikarudi, ya upole, ile aliyokuwa akiitumia akija mkaguzi wa shule.

"Shikamoo shangazi. Unajua, haya majina yetu yana mtego. Mtu wa milimani na mtu wa bondeni wanaweza kabisa kuwa na jina moja..."

"Marahaba. Hayo mtoto wako ameshayasema, neno kwa neno," bibi akasema. "Ninyi ni wa nyumba moja bila shaka yoyote. Ndaga fijo, asanteni sana."

Akakata simu.

Hawakunidhulumu. Deni la herufi E walilisamehe jioni ileile, baada ya chungu cha pili; wakasema watapokea mtamba mmoja, mwenye afya, na mambo yaishe. Walinipa mchele nusu gunia, mbasa wa kukaushwa na jogoo wa mama mkubwa. Manila ndiyo waliyobaki nayo. Bibi aliikunja mwenyewe akaiweka uvunguni mwa kitanda, rehani, mpaka mtamba afike. Bomba nikarudishiwa, likiwa tupu. Nilikuta Kosta ileile, na konda akaniuliza ukoo nimeuacha wapi.

Bamkubwa hakuniuliza afya wala safari. Aliuliza manila iko wapi, akakaa chini. Tangu siku ile anahudhuria minada ya ng'ombe yote ya karibu, magoti hayaumi tena, kwa sababu bibi aliongeza sharti kwa ujumbe wa simu: awe mweusi, na baka liwe usoni, kama yule wa mwanzo. Weusi wapo wengi. Wenye baka usoni ni wa kahawia.

Juzi amenipigia usiku. Kampata mweusi tii, jike, bei nzuri, ila baka liko mkiani. Anataka kujua macho ya shangazi niliyaonaje.