Mwanasayansi wa kampuni ya dawa anapobisha hodi hospitalini

Masika ya mwaka mmoja, daktari wa wodi ya wanaume katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Moshi alishuka famasi na karatasi ya kung'aa mkononi. "Kaka, mzee wa kitanda cha kumi na moja damu imemganda mguuni. Nataka nimwanzishie hii." Ilikuwa nakala ya bei nafuu ya rivaroksabani, dawa ya kumeza ya kuzuia damu isigande, ambayo haimlazimu mgonjwa kupimwa damu mara kwa mara kama ile ya zamani, wafarini. Karatasi aliachiwa asubuhi hiyo na repu wa kampuni, yaani mwuzaji anayezunguka hospitalini kunadi dawa. Nikamuuliza mzee anatumia dawa gani nyingine. Za kifua kikuu, akasema, huu mwezi wa pili. Tukatazamana.

Dawa za kifua kikuu zina rifampisini ndani yake. Rifampisini huliamsha ini lichakate dawa nyingine upesi kuliko kawaida, na rivaroksabani ni mojawapo: kiasi chake kwenye damu hushuka kwa karibu nusu. Mzee angemeza kidonge chake kila siku kwa uaminifu, ndugu zake wangekinunua kwa shida, na bonge la damu mguuni lingebaki na nafasi ya kupanda mapafuni. Daktari aliniambia kwamba jambo hilohilo alimuuliza repu. Akajibiwa, "Haina shida dokta, iko salama sana," akaachiwa na kalamu. Tukabaki na wafarini. Nayo husumbuliwa na rifampisini, ila angalau tunaweza kupima damu na kupandisha dozi kwa hesabu.

Simwiti yule kijana mwongo. Alifundishwa bei, ukubwa wa boksi na sentensi tatu za kusifia, akapewa tageti ya mwezi.

Wiki chache baadaye alikuja mtu wa aina nyingine, wa kampuni nyingine inayotengeneza dawa ya kundi hilohilo. Alitoka Nairobi kwa basi la Namanga, hana sampuli wala kalamu, ana kompyuta tu. Daktari akamuuliza swali la yule mzee. Dada yule hakupepesa macho: "Usimpe, dokta. Hata dawa yetu ni vilevile." Akafungua maelezo rasmi ya dawa, akatuonyesha aya yenyewe, na jioni akatutumia makala mbili tuzisome.

Kwa Kiingereza kazi yake hufupishwa MSL. Mimi namwita afisa kiungo wa sayansi ya tiba, au kiungo tu, kama yule mchezaji wa katikati anayeunganisha nyuma na mbele. Ni mtu wa kampuni, lakini hayuko idara ya mauzo. Yuko idara ya tiba, na kazi yake ni kuzungumza sayansi na madaktari, wafamasia na watafiti: utafiti ulifanywaje, dawa inagongana na nini, nani asipewe. Kampuni ya Upjohn ya Marekani ndiyo iliyoanzisha kazi hii mwaka 1967. Leo huko kwao wengi wa viungo wana shahada za udaktari, wa tiba, wa famasia au wa falsafa. Kuna hata chama cha kimataifa cha kazi hiyo chenye mtihani wake wa kuthibitisha ujuzi. Huku kwetu kaskazini bado ni wageni wa kuhesabika, wengi wakitumwa kutoka ofisi za Nairobi au Dar es Salaam. Swali ni kama tuwakaribishe wawe wengi, na kwa masharti gani.

Niseme mapema: nataka wawe wengi. Lakini sitaki waje wakiwa marepu waliovalishwa miwani ya kisomi.

Sababu ya kuwataka iko humuhumu mkoani Kilimanjaro. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 kama makao ya wagonjwa wa kifua kikuu, na ndiko nchi yetu ilikoanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009. Chukua bedakwilini, dawa iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2012 kwa ugonjwa huo. Katika jaribio mojawapo lililoiwezesha kuidhinishwa, walikufa wagonjwa 10 kati ya 79 waliopewa dawa, na 2 kati ya 81 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ukikomea hapo hutaiandika dawa hiyo maisha yako yote. Ukijua kwamba vifo vingi vilitokea baadaye, dawa ikiwa imeshaachwa, na kwamba takwimu za miaka iliyofuata zilionyesha inaokoa watu hadi Shirika la Afya Duniani likaiweka kundi la kwanza la dawa za ugonjwa huo mwaka 2018, utaiandika, huku ukifuatilia kipimo cha umeme wa moyo. Habari kama hii haitoshi kwenye kipeperushi. Inahitaji mtu aketi na daktari nusu saa, avumilie kuulizwa vibaya, akubali kuonyeshwa udhaifu wa jaribio la kampuni yake mwenyewe.

Tena mazungumzo yale huenda pande mbili. Mgonjwa wa Rombo au Monduli hafanani na mgonjwa wa jaribio lililofanywa Ulaya: ana lishe tofauti, ana kifua kikuu juu ya kisukari, amepitia kwa mganga wa miti kabla ya kuja kwetu. Kiungo mzuri husikiliza na kurudisha habari hiyo kwa wanaotengeneza dawa. Daktari akimtajia madhara asiyoyategemea, anapaswa kumhimiza ajaze ile fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba, naye aipeleke taarifa kwenye kampuni. Repu mwenye tageti atafanya hivyo kwa moyo mzito.

Ipo pia hoja ya ajira, nami siioni ndogo. Vijana wanasoma famasia miaka minne, wanamaliza na mwaka wa mafunzo kazini, halafu wanazunguka na bahasha kutoka Arusha hadi Dodoma. Wengine huishia kubeba mkoba wa repu huku kichwani wana elimu ya kuchambua utafiti. Kazi hii ingewapa mahali pa kuitumia.

Sasa upande wa pili, ambao wanaoipigia debe kazi hii huupita mbio.

Mwaka 1996 kampuni ya Parke-Davis, tawi la Warner-Lambert la Marekani, ilimwajiri mwanabiolojia aitwaye David Franklin awe kiungo wake. Alikuwa na kila sifa ya kisayansi unayoweza kuidai. Miezi michache baadaye aliacha kazi na kuishtaki kampuni, akieleza kwamba yeye na wenzake walitumwa kuwashawishi madaktari waandike gabapentini, iliyoidhinishwa kusaidia kutibu kifafa, kwa maumivu na magonjwa ya akili ambayo haikuidhinishiwa. Kesi iliisha mwaka 2004. Kampuni ilikiri kosa na malipo yakafika dola milioni 430.

Kisa hicho kinaniuma kwa sababu kinaonyesha ufa ulipo ndani ya kazi yenyewe. Repu haruhusiwi kuzungumzia matumizi ambayo hayako kwenye lebo. Kiungo anaweza kuyajibu, mradi daktari ndiye aliyeuliza. Ni haki, maana daktari mwenye mgonjwa mgumu anahitaji jibu. Lakini kampuni yenye njaa ya mauzo hujua namna ya kumfanya daktari aulize. Na mtu mwenye shahada kubwa akipotosha, tunamwamini kwa wepesi kuliko tunavyomwamini kijana wa kalamu. Repu tunamshuku tangu mlangoni. Mwanasayansi tunamvutia kiti.

Hatari nyingine ni ya taratibu na haifiki mahakamani. Viungo hutumwa kwa madaktari wenye sauti, wale ambao neno lao hufuatwa na wenzao. Kwa huku hiyo maana yake ni mabingwa wa KCMC, hospitali kubwa ya rufaa hapa Moshi, na wachache wa Arusha mjini. Bingwa anaombwa ushauri, baadaye anaombwa atoe mada kwenye mkutano wa hotelini Arusha, analipiwa chumba na posho. Hajahongwa, na mada yake inaweza kuwa ya kweli neno kwa neno. Ila mwakani, mwongozo wa hospitali ukijadiliwa kwenye kamati ya dawa, moyo wake utakuwa umeshaelemea upande mmoja bila yeye kujua. Wakati huohuo tabibu wa zahanati kule juu Uru, anayeandika dawa kutwa nzima, hamwoni kiungo hata mmoja. Maneno yenyewe huja kwa Kiingereza cha slaidi, ilhali maelezo yatakayomfikia mgonjwa yatatolewa kwa Kiswahili na sista aliyechoka.

Wapo wanaosema basi kazi hii tuachie serikali na vyuo, na wana ushahidi mzuri. Mei 2018 utafiti wa Botswana ulitia hofu juu ya dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI: watoto 4 kati ya 426, wa mama waliokuwa wakiitumia tangu kabla ya kushika mimba, walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo au ubongo. Kufikia Julai 2019, utafiti uleule ulikuwa umehesabu 5 kati ya 1,683, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo. Kuipiga kengele na kuinyamazisha, vyote vilifanywa na watafiti na taasisi za umma. Na tangu 1983 Jerry Avorn na mwenzake wa Harvard walionyesha kwamba mfamasia asiye na kampuni, akimtembelea daktari na kuzungumza naye ana kwa ana, hubadilisha uandikaji wa dawa. Njia ni ileile ya kiungo, mshahara tu ndio unatoka kwingine.

Ningependa tuwe na watu hao kila mkoa. Lakini sioni kwa nini kupata wao kuwe sababu ya kuwafungia mlango viungo wa kampuni. Jaribio la dawa mpya na takwimu zake viko mikononi mwa kampuni, na anayezijua kwa kina ni mtu wao. Tukimkataa, nafasi yake haibaki wazi. Ataingia repu.

Kwa hiyo kwangu jambo la kwanza si shahada wala cheti. Mtihani wa kimataifa unaweza kuthibitisha kwamba mtu anajua takwimu. Hauwezi kuthibitisha mshahara wake unapanda kwa sababu gani. Vigezo vya maadili ya kutangaza dawa vya Shirika la Afya Duniani, vya mwaka 1988, vilishasema kwamba sehemu kubwa ya malipo ya repu isifungamane moja kwa moja na kiasi anachouza. Kwa kiungo ningekaza zaidi: hata senti moja isifungamane. Asipimwe kwa boksi zilizotoka Moshi baada ya ziara yake, bosi wake asiwe meneja wa mauzo, na asifuatane na repu kuingia wodini. Kampuni inayodai kwamba huyu ni mwanasayansi itamke hivyo kwa maandishi kwa mganga mfawidhi kabla ya ziara ya kwanza.

Ahadi bila wa kuisimamia haina uzito, na hapa kuna pengo ambalo sioni likijadiliwa. Kiungo akiwa mfamasia, yuko kwenye daftari la Baraza la Famasi. Akiwa daktari, yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Akipotosha, kuna mahali pa kumpeleka. Akiwa na shahada ya uzamivu ya biolojia kama Franklin, hana baraza hata moja kati ya hayo. TMDA tayari hudai kuidhinisha matangazo ya dawa, hivyo si mbali kuitaka iwatambue viungo kwa majina. Na kwa kuwa wengi hutokea Nairobi, suala hili linafaa meza ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pale Arusha, mji uleule ambako mpango wa kuoanisha usajili wa dawa wa nchi wanachama ulizinduliwa Machi 2012. Kama tunaweza kukubaliana jinsi ya kusajili kidonge, tunaweza kukubaliana jinsi ya kumsajili mtu anayekuja kukieleza.

Zile kalamu za marepu zina kisa chake. Kanuni za shirikisho la kimataifa la watengenezaji dawa zilipiga marufuku zawadi kwa madaktari mwaka 2019, lakini huwabana wanachama wake tu. Ndiyo maana siridhiki na kanuni za hiari.

Kuna jambo moja ambalo masharti haya yote hayatalitibu. Famasi yetu ina daftari la kaunta ambalo tunaandika maswali yanayoshuka kutoka wodini. Ukilipekua utaona mengi ni ya dawa za zamani na za bei ndogo. Siku moja sista wa wodi ya watoto aliuliza kama anaweza kumpa mtoto wa siku tatu seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, akiwa kwenye dripu ya Ringa. Jibu ni hapana, kwa sababu Ringa ina kalsiamu, nayo ikikutana na seftriaksoni kwa kichanga inaweza kuganda kama chokaa kwenye mapafu na figo, na watoto wamewahi kufa. Kwa miaka yote niliyokaa dirishani pale, hakuna kampuni iliyomtuma mtu kunieleza habari za seftriaksoni. Ni dawa ya kila mtu, kwa hiyo haina mwenyewe.

Yule dada wa Nairobi alirudi mara ya pili, nikamwonyesha daftari hilo. Alilisoma akiwa amesimama, kurasa nne au tano, kwa makini ya kweli, na mahali pamoja akanisahihisha dozi niliyoiandika vibaya. Nilimshukuru. Kisha akapiga picha ukurasa mmoja, ule wenye swali la dawa ya kampuni yake, akafunga daftari na kunirudishia.

Hakukosea. Ndiyo kazi aliyotumwa. Kurasa nyingine zote bado ziko pale kaunta.